Kuchagua Vikanyagio Vipya vya Pikipiki ya Theluji: Anza na Buti Lako

Ukishuka kwenye pikipiki ya theluji (snowmobile, chombo chenye skii mbele na mkanda wa mpira nyuma) baada ya nusu saa ya kuendesha, kabla hujavua kofia, tazama pale mguu wako ulipokuwa umekanyaga. Ukiona alumini na matundu yake wazi, una vikanyagio vizuri, usihangaike. Ukiona bonge jeupe, gumu, limetuna katikati na kung'aa kama sahani iliyolambwa, basi ulikuwa unaendesha huku umesimama juu ya barafu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wewe wa pili.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, na sasa ninaishi Houghton, kwenye rasi ya Keweenaw, kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani. Watu wa Bukoba watanielewa upesi nikisema theluji ya huku inaletwa na ziwa. Hewa baridi kutoka Kanada hupita juu ya Ziwa Superior kabla halijaganda, hunyonya unyevu, na ikifika nchi kavu inaumwaga wote. Ziwa Victoria linatufanyia kazi hiyo hiyo kwa mvua, ila huku kinachomwagika kinakaa hadi Aprili. Msimu wa 1978 hadi 1979, wilaya ya Keweenaw ilipimwa inchi 390.4 za theluji, karibu mita 10. Katika theluji ya namna hiyo hakuna anayeendesha ameketi tu. Unasimama, unaegemea, unahamisha uzito mguu hadi mguu, na kila amri unayoipa mashine inapitia kwenye kile kipande cha alumini kilicho chini ya buti.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Pikipiki ya theluji, watu wa Alaska huiita mashine ya theluji. Kaskazini mwa Kanada wengi huziita zote Ski-Doo, kama sisi tulivyozoea kuita kila dawa ya meno Colgate, ingawa Ski-Doo ni jina la mashine ya Joseph-Armand Bombardier wa Québec iliyoanza kuuzwa 1959. Lile boksi refu la alumini linalofunika mkanda wa mpira unaoisukuma mashine, huku huliita handaki. Vikanyagio ni yale mabawa mawili, kushoto na kulia, yanayotoka chini ya handaki kuanzia penye vidole vya miguu hadi karibu na taa ya nyuma.

Hatua ya 1: Hakikisha unahitaji kubadilisha

Vijana wetu wengi wanaokuja huku kusoma au kufanya kazi hununua mashine za mtumba, na jambo la kwanza wanalotaka ni kubandika spea mpya. Ngoja kidogo. Ingiza mashine mahali penye joto, barafu yote iyeyuke, osha, kausha, kisha piga magoti na tochi.

Tafuta ufa, hasa kwenye kona za matundu na pale kikanyagio kinapokunjwa kukutana na handaki. Angalia ukingo wa nje kama umepinda kwa kugonga kisiki au jiwe. Halafu kagua ribiti, zile pini za metali zinazofunga bati kwa bati, moja moja. Ribiti iliyolegea haijifichi: huzungukwa na duara la weusi wa kijivu, na huo ni unga wa alumini iliyosagika kwa mtikisiko. Bonyeza kikanyagio kwa kiganja huku kidole cha mkono mwingine kikiwa juu ya ribiti, utaisikia inacheza. Ukikuta maduara hayo matatu au manne yamefuatana na alumini yenyewe ni nzima, ugonjwa uko kwenye ufungaji. Badilisha ribiti, utunze fedha zako.

Ukingo uliopinda kidogo unanyooka kwa gogo la mti mgumu upande mmoja na nyundo upande wa pili, taratibu. Uliokunjika kona kali usiunyooshe. Alumini ikikunjwa na kukunjuliwa mahali pale pale hukatika, na itachagua kukatika siku uko mbali na barabara.

Ila kama ni vizima, havijapinda, na bado vinajaza barafu kila ukitoka, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako kwa vipimo

Usiagize kwa jina la mashine peke yake. Kampuni moja hubadilisha kiunzi huku jina la biashara likibaki lile lile. Unahitaji mwaka wa toleo, aina ya kiunzi, na urefu wa mkanda. Urefu wa mkanda husomwa kwa inchi: za njia zilizosawazishwa mara nyingi ni 129 au 137, za theluji nene ni 146, 155, 163, 165 na kuendelea. Mkanda mrefu huhitaji handaki refu, na handaki refu huhitaji kikanyagio kirefu.

Kwa mashine ya mtumba usiamini karatasi. Mwenye mali wa kwanza anaweza kuwa alirefusha handaki au alifunga mkanda mwingine. Namba ya urefu huwa imechapwa kwenye mpira wa mkanda wenyewe, itafute hapo. Kisha chukua futi, pima kikanyagio kutoka kwenye kona ya mbele, pale vidole vinapoingia, mpaka mwisho wa nyuma. Pima kushoto, pima na kulia. Pande hizi mbili mara nyingi hazifanani, kwa sababu kwenye mashine nyingi egzosi hutokea mbele upande wa kulia na kikanyagio cha huko hukatwa kuipisha.

Chungulia pia chini. Kwenye baadhi ya mashine kikanyagio ni kipande kinachojitegemea, kimepigwa ribiti, kinang'oka na kingine kinakaa. Kwenye nyingine, sakafu na handaki ni bati moja lililokunjwa. Hapo vikanyagio vya nje ya kiwanda hutaka ukate sakafu ya zamani kwanza, na ukishakata hakuna kurudi. Lijue hilo kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Vaa buti, kisha pima

Vaa buti zako za msimu wa baridi, zile zile. Simama kwenye mashine kama unavyosimama ukiendesha, na mwenzako achore kwa chaki mahali vidole na kisigino vinapofika. Fanya hivyo mguu ukiwa mbele kabisa, kisha ukiwa nyuma kama unavyorudi ukipanda kilima. Mistari hiyo ndiyo ramani yako. Sehemu ya kikanyagio ambayo buti lako halifiki haina haja ya meno makali. Sehemu ya kisigino ndiyo inayopokea mzigo wote.

Pima na kimo cha buti pale mbele. Kuna vikanyagio vinavyoinuka kidogo au vyenye kizuizi cha vidole kwa juu, na buti nene la baridi kali likiingia hapo kwa kubanwa, siku ya kuanguka halitatoka.

Hatua ya 4: Matundu

Hapa ndipo penye kazi yote, na hapa ndipo watu wanapodanganywa na picha.

Barafu ya kwenye kikanyagio huanza hivi. Theluji hupanda na buti, na nyingine hurushwa na mkanda. Mbele pana joto la injini na egzosi. Theluji inalainika, buti linaishindilia, upepo unaigandisha, halafu inakuja nyingine juu yake. Baada ya dakika ishirini una tofali. Kikanyagio kizuri ni kile kinachoipitisha theluji kabla haijashindiliwa: buti likikanyaga, theluji inasukumwa chini ya tundu na kuanguka.

Kwa hiyo usiangalie idadi ya matundu. Angalia mambo mawili: ukubwa wa tundu, na unene wa bati linalobaki kati ya tundu na tundu. Tundu dogo la ukubwa wa sarafu huziba kwa theluji ile ile linayotakiwa kuipitisha. Bati pana kati ya matundu ni meza ya kujengea barafu. Ninachotaka mimi ni tundu linalopitisha vidole viwili vikiwa ndani ya glovu, na kati ya matundu kuwe na ukuta mwembamba uliosimama wima, usiwe bapa. Geuza kikanyagio uone chini: tundu likiwa pana juu na jembamba chini, theluji itakwama humo kama ugali kwenye shingo ya chupa. Linatakiwa liwe sawa, au litanuke kuelekea chini.

Hili nililijifunza vibaya. Miaka mitatu iliyopita nilinunua jozi nzuri ya kutazama, imepakwa rangi, ina matundu mengi madogo ya duara yaliyopangwa kama asali kwenye sega. Januari, kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, vilifanya kazi bila kasoro, nami nikavisifia kwa kila mtu. Februari ikaja siku ya nyuzi 3 chini ya sifuri. Nilikuwa nakata mteremko kwa ubavu, uzito wangu wote uko mguu wa upande wa juu, buti likateleza kwenda nyuma kama nimekanyaga sabuni. Mashine ililala juu ya mguu wangu. Theluji laini ndiyo iliyoniokolea goti. Nilipojivuta na kuinuka nilitazama kikanyagio: hakuna tundu hata moja lililokuwa wazi.

Sababu yake si siri. Kwenye baridi kali theluji ni kavu kama mchanga wa ufukweni na hupita hata kwenye tundu baya. Karibu na sifuri ina maji ndani yake, inashikana. Mtu akikuambia vikanyagio vyake havishiki barafu, muulize alivijaribu kwenye baridi ya nyuzi ngapi.

Kuna bei ya kulipa kwa matundu makubwa, nayo nisiifiche. Mkanda hurusha theluji juu kupitia tundu lile lile, na kwenye njia iliyoshindiliwa hurusha vipande vya barafu. Kama unaendesha zaidi kwenye njia zilizosawazishwa, ukiwa umeketi, mwendo wa kasi, utapata buti zilizolowa na mashavu ya miguu yenye baridi. Mtu wa namna hiyo achukue matundu ya wastani sehemu ya mbele na makubwa sehemu ya kisigino.

Meno nayo yana kiasi chake. Yawe yamesimama juu ya ukuta wa tundu ili yashike soli hata kukiwa na theluji kidogo. Yale makali kama msumeno hushika kweli, lakini hula soli za buti ndani ya msimu mmoja, na siku umekwama na unaivuta mashine kwa mikono, hula glovu na vidole. Pitisha kiganja juu yake dukani. Kama unasita kubonyeza, hayo ni makali kupita kiasi.

Hatua ya 5: Metali na ukingo

Vingi ni vya alumini, lakini alumini si moja; kuna aloi, yaani michanganyiko ya metali, za namna nyingi. Aloi ya 5052 ni laini kiasi, ikigongwa hupinda na mara nyingi unaweza kuinyoosha. Aloi ya 6061-T6 (T6 ni alama ya ugumu unaopatikana kwa joto la tanuri) ni ngumu zaidi, hubeba mzigo bila kupinda, ila ikizidiwa hupasuka mapema. Kama vikanyagio vya 6061 vimechomelewa, uliza kama vilirudishwa kwenye tanuri baada ya kuchomelewa, maana joto la kuchomelea huondoa sehemu kubwa ya ule ugumu wa T6 pale karibu na mshono. Muuzaji asiyejua jibu la swali hili hajui anachouza.

Vipo pia vya mabomba ya chuma cha aloi. Chuma kina uzito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule, ingawa mabomba huwa membamba kwa hiyo tofauti hupungua. Faida yake ni kwamba fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Anayefanya kazi na mashine, kuvuta kuni au kukagua mitego mbali na mji, ningemshauri hivyo.

Kuliko aina ya metali, mimi naangalia ukingo wa nje. Ukingo wa bati lililokunjwa mara moja tu hupinda kwa kisiki cha kwanza. Ukingo ulio bomba, yaani ulioziba pande zote, hustahimili sana. Ushike kwa mikono miwili, uukunje. Usitikisike.

Kuhusu uzito nina machache ya kusema. Kijana mmoja kutoka Mwanza alinipigia simu kwa furaha: "Kaka, nimepata vyepesi kweli, nusu ya vile vya kiwandani!" Nikamuuliza, "Mdogo wangu, umevikanyaga?" Alikuwa hajavikanyaga. Alichookoa ni kilo mbili hivi kwenye mashine ya kilo 200 na ushei, na tonge moja la barafu kila upande linazirudisha zote.

Hatua ya 6: Upana, kulingana na unakopita

Kwenye njia iliyonyooka, kikanyagio kipana ni raha, mguu unatulia. Kwenye theluji nene na miteremko ni kinyume. Unapokata kilima kwa ubavu, mashine huinamia upande wa juu na kikanyagio cha upande huo huzama kwenye theluji. Kikiwa kipana, kinakaa juu ya theluji kama ngalawa juu ya mrengu wake: kinaizuia mashine isiiname, nayo inaanza kushuka kilima bila wewe kupenda. Kwa mazingira hayo tafuta vyembamba, vinavyozidi kupungua kuelekea nyuma. Hakikisha tu buti lako, lile ulilopima, bado linakaa bila kisigino kuning'inia nje.

Hatua ya 7: Kabla ya kulipa

Uliza ribiti zimo kwenye boksi au unanunua mwenyewe. Uliza kama kizuizi cha vidole cha zamani kinarudi mahali pake, na kama bamba la nyuma la kuzuia theluji bado litapata pa kufungwa. Kama mashine bado ina waranti, piga simu kwa wakala aliyekuuzia kabla ya kutoboa chochote. Bei huwa ni mamia ya dola kwa jozi, kwa hiyo maswali haya si usumbufu.

Hatua ya 8: Kufunga

Fanya upande mmoja kwanza, uumalize, ndipo uende wa pili. Kwenye mashine nyingi vikanyagio husaidia kulikaza handaki. Ukiving'oa vyote kwa pamoja handaki linaweza kujipinda kidogo, na matundu hayatakutana tena.

Kabla ya kushika drili, jua kilicho upande wa pili wa bati. Ndani ya handaki zimo rejeta na mabomba ya kulanti (maji ya kupozea injini), na juu yake kuna tanki la mafuta na nyaya. Zungushia tepu kwenye keekee ya drili, milimita chache kutoka kwenye ncha, iwe alama yako ya kusimama.

Ribiti nyingi ni za milimita 4.8. Gonga katikati ya kichwa kwa panchi, toboa kichwa tu mpaka kiachane na shina, kisha sukuma shina kwa panchi. Ribiti ikianza kuzunguka pamoja na keekee, usiendelee kukandamiza, utapanua tundu. Izuie kwa koleo upande wa nyuma, au kata kichwa kwa patasi.

Weka kikanyagio kipya, ukishikilie kwa bolti na nati za muda kwenye matundu manne au matano, kisha simama kando ya mashine ukitazame kimekaa sawa na mwenzake. Ndipo uanze ribiti. Chagua zenye urefu unaolingana na unene wa mabati yote mawili yakiwekwa pamoja. Fupi haishiki, ndefu haikazi. Alumini kwa alumini ni salama. Ukitumia ribiti za chuma kisichoshika kutu, paka kilainishi cha kuzuia kutu kwenye tundu, la sivyo metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi ya barabarani alumini italiwa. Anza katikati, nenda mbele mara moja, nyuma mara moja, usifuate mstari kutoka mwisho mmoja.

Kila ulipokata, pitisha tupa, halafu msasa. Fagia vumbi lote la alumini, na usisahau kulitoa kwenye mkanda na kwenye reli zake.

Hatua ya 9: Jaribio

Subiri siku ya theluji yenye maji, nyuzi chache chini ya sifuri. Endesha nusu saa, ukisimama na kuketi, kisha zima na ushuke. Tazama pale pa kisigino. Theluji kidogo kwenye kuta za matundu si neno, piga teke moja itaanguka. Usigonge kwa chuma hata siku moja. Kipande cha plastiki ngumu kinatosha.

Siku hiyo hiyo, kabla hujaingiza mashine ndani, chukua kalamu ya wino usiofutika uchore mstari mdogo kutoka kichwa cha kila ribiti hadi kwenye bati. Baada ya kilomita 100 rudi na tochi. Mstari uliokatika au duara la kijivu lililoanza kuzunguka kichwa, itoe ribiti hiyo na upige mpya kabla ya kutoka tena.